Kwa Niaba ya Baba

Gitothua, Ruiru
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Kwa Kaka Irshad,

Asalamu alaikum. Baba anakula. Hayo yamesemwa leo asubuhi na Waithira, yule anayeuza githeri mlango wa pili kutoka duka la Baba la ushonaji pale Makongeni, Thika, na akaongeza kwamba hajaacha kula hata siku moja tangu Mama alipofariki Februari. Juzi aliomba aongezewe. Kwa hivyo usichukue likizo uje kumhamishia Mombasa kabla hujaisoma barua hii hadi mwisho.

Nakusalimu wewe, wifi Saida na watoto, na natumaini joto la huko halijawazidi. Huku baridi imekawia kuondoka, na kazi gazetini inaendelea. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza ukicheka.

Nilikwambia mwezi wa Julai kwamba Baba ameanza kuonana na mshauri nasaha kwa ajili ya sonona. Wazo lilikuwa lake. Alinipigia akasema moyo umemwelemea, chakula hakishuki, usingizi hauji, na amesikia kuna mwanamke hapa Ruiru, Mutheu, ambaye kazi yake ni kuzungumza na waliofiwa. Alitaka nimsindikize kila Alhamisi kwa kuwa eti Ruiru haijui vizuri. Baba yetu, Mzee Rama, ameishi hapo jirani Thika maisha yake yote, na huyo ni mtu ambaye kila ugonjwa huutibu kwa tangawizi. Mimi huwafundisha wanagenzi wetu kwamba ukiletewa habari nzuri mezani bila kuitafuta, kwanza muulize aliyeileta anataka nini. Baba sikumuuliza.

Ofisi ya Mutheu ina viti vitatu, sanduku la tishu na dirisha kubwa. Siku ya kwanza alimuuliza Baba anajisikiaje. Baba akasema alhamdulillah. Akamuuliza usingizi ukoje. Alhamdulillah. Akamuuliza anakumbuka nini zaidi kuhusu marehemu mkewe. Baba akatazama dirishani, akasema mapazia yale yalikatwa na fundi mwenye haraka zake, akatoa utepe mfukoni akaanza kuyapima.

Unanijua, siwezi kuvumilia swali lililoachwa bila jibu. Na kwetu si ajabu mtoto kumsemea mzazi mbele ya daktari. Basi nikajibu kwa niaba yake. Nikasema usiku hugeukageuka tu kitandani. Nikasema akiona kituko njiani huishika simu ampigie Mama, kisha huirudisha mfukoni. Nikasema mengi. Mutheu aliandika, Baba alipima, saa ikaisha. Tulipotoka, Baba alitangaza kwamba amepata nafuu kubwa.

Alhamisi zilizofuata zilikwenda hivyohivyo. Kufikia Agosti Baba alikuwa akikoroma kitini huku mimi nikieleza jinsi asivyopata usingizi.

Alhamisi iliyopita Mutheu aliuliza ni mahali gani Baba anapaepuka tangu msiba. Nikajibu kwamba hapiti tena katikati ya soko la Ruiru, huzungukia nyuma, kwa sababu ya mwuza vitunguu mmoja anayeitwa Mwas. Kila Mama alipokuja huku alikuwa akigombana na Mwas juu ya bei. Mama alimwita mwizi, naye Mwas akimwita mama mkwe, na mwisho wa matusi akimwongezea vitunguu viwili. Nikasema Baba anaogopa kwamba Mwas atauliza mama mkwe yuko wapi.

Mutheu aliweka kalamu chini. Akauliza iwapo mzee huyu hutoka Thika kuja kununua vitunguu Ruiru. Baba alifungua jicho moja akasema hajanunua kitunguu Ruiru tangu azaliwe, na huyo Mwas hamjui.

Nikasema nimechanganya taarifa. Mutheu hakubisha. Nilirudi nyumbani nimeudhika kama siku msomaji anapopiga simu kusahihisha habari yangu, na akawa yuko sahihi.

Ndiyo maana leo nilikwenda Thika kuthibitisha mambo upya, nikaanzia kwenye chakula. Waithira alishika kiuno. “Haiya! Nani amekudanganya mzee hakuli? Huyu akimaliza sahani, hata paka wangu wananuna.” Kisha akanitazama juu hadi chini. “Wewe ndio umekonda, dada. Ukigeuka, nguo inabaki ikiangalia mbele.”

Nikaingia dukani nikamuuliza Baba mgonjwa ni nani. Hakusimamisha cherehani. Alisema yeye analia, tena analia vizuri: msikitini, kwa Waithira, hata mbele ya wateja. Mmoja alichukua suruali yake kabla haijatiwa vifungo. Lakini siku ya msiba aliniona mlangoni nikiwauliza waombolezaji majina yao kamili na wanakotoka. Alinisikia nikimsahihisha imamu mwaka wa kuzaliwa wa Mama. Akasubiri nilie, arubaini ikapita. Akajua kwamba nikipelekwa kwa mshauri nasaha nitamhoji huyo mshauri mwenyewe. Basi akampigia Mutheu, wakapatana kwamba Baba aje kama mgonjwa na mimi kama msindikizaji. Mutheu alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba siku nitakapouliza, nijibiwe ukweli.

“Mama,” akaniambia, maana huniita hivyo akitaka nimsikilize, “nilijua nikinyamaza, wewe utasema.”

Kaka, nakiri basi. Asiyelala ni mimi. Anayeishika simu na kuirudisha mfukoni ni mimi. Soko ninalolizunguka liko hapa karibu na kwangu. Sikuwa nimemlilia Mama hadi leo, na nimemlilia juu ya sare za shule za watoto wa watu. Baba alinipa kipande cha bitana nijifute, akanionya nisiguse ile nyeupe, ya mteja. Kisha akazima cherehani, akaja kuketi karibu nami, naye akalia. Wateja wawili walichungulia mlangoni wakaamua kurudi kesho.

Nilipotulia nilimwomba anisindikize wiki ijayo. Amekataa. Anasema yeye ameshapona.

Ukiwa bado unaitaka likizo yako, ichukue, lakini ufikie kwangu. Baba anakusalimu na anauliza kwa nini hupigi simu. Msalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba yetu.

Kikao kijacho ni Alhamisi, tarehe 18 Septemba, saa nane mchana. Nitaingia peke yangu.

Dada yako,
Nadira