Jina la Kisu cha Viazi

Tata, baba yangu mpendwa,

Mpaka leo nikisikia kicheko cha wageni mezani, naisukuma sahani yangu kando. Nakuona umetolewa jikoni kwa yule Mholanzi mnunuzi wa kahawa pale Bukoba, aproni imelowa, umesimamishwa mbele ya wageni wake utamke jina la kisu kidogo cha kumenyea viazi: aardappelschilmesje. Kila Jumapili! Ulikuwa ukipachika irabu kila mahali, "aradapelisikili...", nao wanagonga meza kwa kucheka, midomo imejaa chakula ulichowapikia wewe. Watu wazima wale. Kinyaa kitupu.

Wewe hukukasirika. Ulikuja chumbani kwangu mtaani Kashai ukaniambia, "Mwalimu, si unafundisha watoto kusoma? Hebu nikatie neno hili." Sauti zake ulikuwa nazo sikioni, maana mke wa bwana alikuagiza kisu hicho kila asubuhi. Nikalikata kwa makofi, kama darasani: aard, ap, pel, schil, mes, je. Ukaguna. "Kumbe ni mkungu tu. Nipe chana moja moja." Ukarudia huku unanimenyea ndizi, wewe ambaye nyumbani Muleba hukuwahi kushika kisu cha ndizi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wanawake. Tulicheka sana jioni ile, Tata.

Jumapili iliyofuata nilikuja kusikiliza, nikajibanza jikoni. Ulilitamka lote bila kukwama. Hakuna aliyegonga meza. Kisha bwana wako akasema, "Hapana, hapana. Sema kama zamani."

Ukasema kama zamani. Wakacheka mpaka basi. Ulirudi jikoni ukaosha sahani bila kunitazama.

Hapo ndipo waliponichefua kabisa. Hawakutaka ujue, walitaka ushindwe. Nilikusihi uache kazi ile siku hiyohiyo. Ukanijibu, "Waache, mwanangu. Mimi nalijua."

Jana nilikuja Muleba kupalilia kaburi lako kibanjani, katikati ya migomba yetu. Nililitamka neno zima kwa sauti, chana kwa chana. Mama alikuwa pembeni anamenya ndizi. Akauliza ni kitu gani hicho, nikamwambia ni kisu cha viazi.

"Jina refu hivyo? Nani alikufundisha?"

"Tata," nikamjibu.

Akaacha kumenya. Akaniomba nilirudie.

Pumzika, Tata. Hapa hakuna wa kukusimamisha mbele ya wageni.

Binti yako, mwalimu