Nafasi ya Mratibu Bado Iko Wazi

Ofisi ya Kampeni,
Nyuma ya duka la nyaya za umeme,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako kabla ya lolote. Hujambo huko? Baridi imelegea? Na kile kikohozi kimekuachia, au bado unabishana nacho kama kawaida yako, bila dawa wala koti? Huku sisi wazima. Mgongo wangu unalalamika nikipanda ngazi, lakini mgongo wa fundi umeme ukinyamaza ujue mwenyewe amefariki. Binamu zako wanakula, wanakua, na wanagombana.

Kilicho kigonjwa ni moyo, mwanangu, na sioni sababu ya kukuficha. Ulitaka kujua kama tumepata watu wa kampeni na mratibu wa kuwaongoza kabla ya mkutano wa kibali cha ule mtambo wa makaa ya mawe. Kaa vizuri nikueleze.

Tulibandika matangazo kila ukuta: saluni, duka la dawa, lango la shule. Tuliandika kwa herufi kubwa kwamba tunatafuta watu wa kufanya kazi ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Loo, kosa hilo! Macho ya watu yaliishia kwenye neno kazi. Ukumbi ulifurika vijana wenye mashati yaliyopigwa pasi na vyeti kwenye bahasha za plastiki. Nikapanda juu ya benchi kueleza kwamba kazi ya mshahara ni moja tu, ya mratibu, na wengine wote ni wa kujitolea.

“Kujitolea ndiyo bure, mzee?” akauliza mmoja mwenye tai.

“Bure,” nikasema, “lakini fulana ipo.”

Walicheka, halafu wakatoka. Wakabaki msusi wa mtaa wa pili, dereva mmoja mstaafu, na mama yako. Mama yako alikuja kwa sababu amekukumbuka. Alisema afadhali akae mahali ulipokuwa unakaa.

Nilidhani atachoka baada ya wiki. Wee! Dada yangu alitushinda wote. Hakuwa anaanza na habari za dunia kupata joto. Alikuwa anabisha hodi, anaomba kiti, anauliza mafuriko yaliyopita maji yalifika wapi. Mwenye nyumba anainuka, anamwonyesha alama ukutani, anaanza kusimulia godoro lilivyoelea. Hapo ndipo mama yako anamwambia kuhusu mtambo, na kwamba moshi wa namna ile ndio unaotuharibia mvua. Hata yule muuza duka mkorofi aliyenifukuza mimi kwa ufagio alikuja ofisini kuuliza zamu yake ni lini. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke, viti havikutosha.

Mratibu ndiye aliyetutoa jasho. Wenye shahada watatu tuliwahoji. Wa kwanza alipata kazi kwingine, wa pili aliuliza kuhusu gari, wa tatu alikubali kwa simu na simu yenyewe ikazimwa mpaka leo. Ndipo mama yako akanivuta pembeni. “Kaka, hiyo kazi si ndiyo ninayoifanya? Niandikeni mimi, yaishe.”

Nilimpeleka kwenye kamati. Katibu akafungua zile sifa ulizoziandika wewe kabla hujasafiri: shahada, uzoefu wa miaka mitano, uwezo wa kuandika ripoti. Wafadhili walizipitisha vile vile na hawataki zibadilishwe hata nukta. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Wakasema mama wanamheshimu sana, wakampa fulana ya pili. Yaani fulana ya pili!

Haikupita muda, kampuni ya mtambo ikafungua ofisi upande wa pili wa barabara, na feni juu. Wao hawakuuliza cheti. Waliuliza mtaani ni nani anayekaribishwa kila nyumba, na kila mtu akamtaja mama yako.

Nilimwendea nyumbani. Nilimkuta anafunga kamba za buti mpya.

“Dada, umetuuza.”

“Nimeuza nini, kaka? Vyenu nilivyonavyo ni fulana mbili. Nitawarudishia, zimefuliwa.” Kisha akaacha kamba, sauti ikashuka. “Umri huu sijawahi kuitwa mfanyakazi popote. Nimepika, nimelea, nimeuguza, nimebisha hodi kwa ajili yenu. Nilipoomba niitwe mfanyakazi mkanitazama kama niliyevua nguo sokoni.”

“Na maji yakirudi humu ndani?”

“Yatanikuta na mkataba.”

Nilikunywa chai yake, nikaondoka.

Wale watu wa kujitolea hawakudumu hata wiki mbili. Nilikuwa najidanganya kwamba wametufuata sisi, kumbe walimfuata yeye. Msusi akasema wateja wamezidi. Muuza duka akaacha kuniitikia salamu. Mimi nami nikatoka kubisha hodi, nikaomba kiti, nikauliza maji yalifika wapi. Wakanijibu kwamba hayo walishamweleza dada yangu.

Mkutano ulifanyika Alhamisi. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na waliojaa walikuwa wa mama yako. Ofisa akataka wanaopinga wanyooshe mikono. Nikanyoosha. Dereva mstaafu akanyoosha pia, kisha akakumbuka mwanawe ameahidiwa kibarua pale, akajikuna kichwa. Waliompa mama yako kazi walimpa pia kazi ya kuhesabu safu yetu. Alifika mbele yangu na kalamu yake, akanitazama kama anavyotazamwa mtu wa foleni, akasema kwa sauti, “Mmoja.” Kibali kikapita.

Unaniuliza kama uache masomo urudi uchukue ile nafasi. Bado iko wazi, na sifa zote unazo. Lakini urudi kuratibu nini? Mwisho wa mwezi nakabidhi funguo. Nimekata tamaa, naandika neno hilo nikilimaanisha. Soma, mwanangu. Vaa koti.

Nisalimie wote unaoishi nao. Binamu zako wanakusalimu, na dereva naye, kwa aibu. Mungu akutunze, akuepushe na upweke wa ugenini.

Mama yako hasemi nami tena. Anaamini zile sifa niliziandika mimi ili kumfungia mlango, ndugu yake wa tumbo moja. Alinitamkia hivyo mbele ya majirani, nami nikanyamaza. Akikupigia simu msifu kazi yake, na usimsahihishe. Akijua ni wewe, atabaki na nani?

Mimi mjomba wako,
anayekupenda vile vile.