Ndoo ya Majivu

Mpendwa Shangazi,

Yule mama mwenye shamba hakusema sawa. Hakusema chochote, kwa sababu sikumuuliza. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Baba.

Unakumbuka Jumamosi zile? Tulitoka mtaani kwetu Downsview kungali giza, wewe na chupa ya chai, mimi na usingizi wangu, kwenye gari la wafanyakazi hadi kile kinamasi. Watu walikuwa wamechimba udongo wake mweusi miaka na miaka, wakautia mifukoni kuwauzia wenye bustani, wakaliacha eneo lote na upara. Yule mama alitaka kurudisha matunda ya asili ya pale: kranberi, yale mekundu madogo. Siku ya kwanza ulionja moja ukakunja uso. "Hili si tunda, hii ni adhabu!" Tukacheka mpaka ukakaa kwenye tope.

Kiingereza kilikuwa bado kinakupiga chenga, mimi nakisoma shuleni pamoja na Kifaransa, basi ukaniita "mdomo wangu". Mdomo wangu, njoo huku. Mdomo wangu, anasemaje? Hukujua mdomo wako unaogopa watu.

Ndipo ukaja na ndoo ya majivu ya mkaa, yaliyobaki kwenye nyama choma ya kanisani. "Kwetu Uvira, mama hakupanda kitu bila majivu. Kamuulize kama naweza kuweka." Nikaenda. Yule mama alikuwa anacheka na wenzake. Akanigeukia, wote wakanigeukia, nami nikauliza choo kiko wapi. Nikarudi nikakwambia, "Amesema sawa."

Ukayamwaga kwenye mstari wako, na baada ya siku chache miche ikageuka njano. Yule mama akaeleza kwamba kranberi hupenda udongo mchachu, na majivu huua ule uchachu. Hayo niliyatafsiri bila kuruka neno. Ukasema, "Mwambie nilimuuliza kwanza, akakubali." Nikamwambia unaomba msamaha. Akakushika bega kwa upole. Ukautoa mkono wake.

Garini ukasema, "Mtu mzima mzima, anakana maneno yake mchana kweupe!" Mimi nikatazama dirishani. Hukurudi tena shambani. Sasa uko mbali, Winnipeg, kwenye kiwanda cha nyama, na Baba anasema vidole vinakuuma kwa baridi.

Jana yule mama alimpigia Baba simu. Mstari wako umepandwa upya, na anauliza kama utarudi kazini. Anasema hajapata mwingine mwenye mkono kama wako. Baba akakupigia papo hapo, sauti akaiweka kwenye spika. Nilikusikia: "Simfanyii kazi mwongo." Baba akajibu, "Una haki, dada." Nilikuwa naosha vyombo. Nikafungulia maji kwa nguvu nisisikie zaidi.

Mwongo ni mimi, Shangazi. Yeye hajui uliomba ruhusa. Wewe hujui hakuulizwa. Katikati yenu nilikuwapo mimi peke yangu. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba tu usiikatae kazi ile kwa ajili ya uongo wangu. Yule mama nitampigia mwenyewe, nimweleze.

Ndala za Baba zinapanda ngazi. Kila mara nikizisikia, karatasi hii huingia chini ya mto. Safari hii naiacha mezani, maandishi juu. Akiuliza, nitamsomea kwa sauti.

Vidole vyako uvitie joto.

Mwana wa kaka yako,
mdomo wako