Inagonga Juu, si Chini

Jumamosi, Kitale

Kumbe mama mkwe alisema ukweli. Wiki jana nikimrudisha Kabuchai, alikaa kiti cha nyuma akapitisha neno kwa mke wangu, maana mila hairuhusu mimi na yeye tuongee: "Mwambie gari inagonga juu, si chini." Nilinuna. Bushi za chini, zile raba za kwenye magurudumu, nilishabadilisha mara mbili.

Leo fundi amefungua boneti, akanishikisha kichwa cha shoki, kile chuma cha kupunguza mtikisiko, huku yeye akizungusha usukani. Kikaruka kiganjani.

"Raba ya juu imeisha, bana."

Ameweka mpya. Nimepita matuta yote mpaka nyumbani, gari kimya, nikicheka peke yangu.

Mke wangu amempigia mamake kumshukuru kwa niaba yangu. Mama mkwe akajibu, "Mwambie breki pia zinalia."

Mimi sijasikia kitu. Jumatatu narudi kwa fundi.