Bunduki Uliyomtumia Baba

Kesslerville, Pennsylvania
Machi 19

Mdogo wangu mpendwa Lyle,

Salamu nyingi zikufikie huko Texas, wewe na Shawna na watoto. Natumaini hamjambo nyote na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Sisi huku tunaendelea. Theluji bado imeganda nyuma ya ghala, barabara zote ni matope matupu, na goti langu linanisumbua kila nikisimama kaunta muda mrefu. Baba anakula, anatembea, anasalimia watu. Habari zake nyingine zinakuja huko mbele, usizikimbilie.

Boksi lako lilifika dukani Jumamosi. Najua unangoja nikueleze jinsi Baba alivyoruka kwa furaha. Hakuipata, Lyle. Bunduki uliyomnunulia kwa siku yake ya kuzaliwa nimeizuia mimi mwenyewe, na kesho inarudi kwa muuzaji wako. Kabla hujashika simu kunitukana, isome barua hii yote, na tafadhali sana usimpigie Baba kabla hujafika mwisho. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja neno bunduki tu, unaanza kunisomea urefu wa mtutu.

Uliniuliza watu wa huku wanaisemaje hiyo bunduki mpya ya Varrick. Ngoja nikwambie, maana nimeyavumilia tangu Januari na hakuna mtu wa kunisikiliza.

Siku kampuni ilipoitangaza kwenye maonyesho yao kule Nevada, nilifika kufungua duka letu la bunduki nikawakuta wateja wameshajipanga nje na malori yao yananguruma. Ungedhani kuna msiba. Gary Kolb alikuwa na picha kwenye simu. Elewa vizuri: picha. Hakuna aliyeishika, hakuna aliyeifyatua, hakuna aliyejua hata bei yake. Wakabishana juu ya picha hiyo mpaka mchana, wakinywa kahawa yangu ya bure na kunimwagia makombo ya donati kwenye kioo cha kaunta.

Gary unamkumbuka, yule muuza bima anayevaa suruali ya kijeshi yenye mifuko kumi na viraka, na vita pekee alivyowahi kupigana ni vile vya yeye na mama mkwe wake. Gary alilia. Machozi ya kweli kabisa, akayafuta kwa kofia. “Hatimaye wametusikiliza!” alisema. Nikamuuliza walikuwa wanadai nini miaka yote hiyo. Akanijibu kwamba walitaka kibonye cha usalama kiwekwe pande zote mbili.

Duane Metzger, yule dereva wa malori mstaafu ambaye tumbo lake huingia dukani kabla yake, alitangaza kuwa ni takataka. “Plastiki tupu hii! Ukiisahau juani unakuta supu,” alisema. Babu yake angepewa hiyo, angeikorogea rangi ya banda. Nikamuuliza amejuaje. Alikuwa ameangalia video ya bwana mmoja mwenye ndevu huko Utah, naye huyo bwana alikiri mwanzoni mwa video kwamba hajaigusa.

Kisha wakahamia kwenye rangi. Bunduki hiyo inatolewa kwa rangi ya mchanga wa jangwani. Nikauliza jangwa la Kesslerville liko upande gani. Gary akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba mtu lazima awe tayari. Tayari kwa nini? “Huwezi kujua, Twila. Ndiyo maana ya kuwa tayari.” Basi wote wako tayari. Wanaume wasioweza kupanda ngazi tatu za duka letu bila kushika nguzo wako tayari kwa siku ambayo serikali itaanguka. Umeme ulipokatika Februari kwa mchana mmoja, Duane alikuja kwangu kuomba maji ya moto, analalamika kwamba vidole vinamuuma.

Wakirudi nyumbani wanaendelea mtandaoni kwa majina ya bandia. Gary anajiita Mbwa Mwitu wa Milimani na Duane anajiita Chuma Halisi, na walitukanana huko wiki nzima bila kujuana, huku wamekaa viti viwili vinavyogusana mbele yangu. Mimi nilijua, kwa sababu mmoja akimaliza kubonyeza, simu ya mwenzake inalia. Nilinyamaza nikafurahia. Walipogunduana, Gary alimrushia mwenzake donati ya jamu, ikamkaa kifuani. Sasa kanisani hawakai benchi moja, na mchungaji amelazimika kuwaombea.

Na katika maneno yote hayo sikusikia mtu hata mmoja akisema atafanyia nini bunduki hiyo. Kulungu huwezi kumwinda nayo. Sheria ya jimbo letu hairuhusu bunduki inayojipakia yenyewe kwenye uwindaji wa kulungu, na hilo hata watoto wa huku wanalijua. Baba ndiye aliyetufundisha.

Usidhani wewe umepona. Ile sauti uliyonitumia siku ile, unapiga kelele kama uliyeshinda bahati nasibu, niliisikiliza nikiwa napika, nikaifuta. Siku ya mazishi ya Mama, mwezi wa Oktoba, sisi wengine tukiosha vyombo, wewe na Mjomba Floyd mlisimama penye jokofu mnabishana juu ya darubini za bunduki. Sijasahau. Tangu Oktoba ile umempigia Baba mara chache, na kila ukipiga ni habari za bunduki. Yeye hapendi kubishana na simu, kwa hiyo anaitikia tu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwezi uliopita Baba alisimamisha gari lake mbele ya duka, akaanza kuteremsha bunduki zake zote zilizofungwa kwenye mablanketi. Zote, Lyle, pamoja na ile ya babu yenye mitutu miwili. Akazipanga kaunta, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba anaziuza, anataka Varrick, na aandikwe wa kwanza.

Kelele zilizotoka hapo huwezi kuamini. Duane alicheka mpaka akakohoa. “Mzee Orrin, umekunywa nini leo? Unatoa nyama unachukua mfupa wa plastiki!” Akamuuliza kama atamwinda kulungu kwa kumchekesha. Gary alimkumbatia Baba na kumwita ndugu, kwamba umri si kitu, kwamba mzee amewaonyesha njia. Baba alikubali kukumbatiwa. Unamjua Baba, hata sisi watoto wake alitupa mkono tulipomaliza shule.

Mzee Harlan, mwenye duka, hakucheka. Hakuzikagua bunduki wala hakuuliza anataka kiasi gani. Alizibeba mbili mbili mpaka chumba cha nyuma, akazifungia kwenye lile kabati la chuma la kijivu ambalo hatuwekei bidhaa, akarudi akasema, “Sawa, Orrin. Zitakaa.” Baba akasema asante.

Mimi nilikuwa nimewaka. Nilimdharau baba yangu siku ile, nakwambia bila kuficha. Nilimwona mzee asiyemtofautisha ng'ombe na gari kwa mbali, anatupa bunduki ya babu ili aonekane kijana mbele ya wapumbavu wawili. Nikamfuata nje mpaka kwenye gari, nikamsema. Nikamwambia Mama angeona aibu. Nikamwambia amekuwa kama Gary.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba haitaki hiyo bunduki. Hajui hata inafananaje. Alisema tangu Mama afe kuna asubuhi anaamka na haoni sababu ya kuvaa viatu, na kwamba siku hiyo alikuwa amekaa jikoni muda mrefu akiliangalia kabati la bunduki, akajiogopa. “Sijiamini nikiwa nazo nyumba moja, mwanangu,” alisema. Ndipo akazifunga kwenye mablanketi na kuja.

Wewe umeondoka zamani, pengine hulijui hili. Wanaume wa huku wana namna yao. Mtu akiona giza limemzidi, analeta bunduki zake dukani, anasema anapaka rangi nyumba, au wajukuu wanakuja. Mzee Harlan anasema sawa na kuzifungia, na haulizi rangi gani wala wajukuu wangapi. Mtu akipata nafuu anakuja kuzichukua, anasema rangi imekauka. Hakuna anayetamka neno lenyewe. Baba hakuweza kusema hata uongo huo wa kawaida, kwa sababu Harlan na wazee wengine wangeujua mara moja. Akatafuta uongo mkubwa zaidi, ule ambao wapenzi wa Varrick wangeushangilia. Alikubali achekwe kuliko ahurumiwe.

Tangu siku ile anakuja kila Jumamosi, anauliza, “Imefika?” Harlan anamjibu kwamba kiwanda kimechelewa. Duane anamzomea, Gary anamfariji, na Baba anakunywa kahawa yake na kurudi nyumbani. Kuuliza huko ndiko kunakotuambia kwamba yupo. Jioni anakula kwangu, na nimempata daktari mjini anayeshughulika na watu waliolemewa hivi. Alikataa, akakataa, sasa anakwenda, lakini anataka nimwambie kila mtu ni daktari wa mgongo.

Halafu wewe ukamsikia kwenye simu akitaja Varrick. Aliniambia mliongea muda mrefu siku hiyo, mrefu kuliko wakati wowote tangu mazishi, na kwamba ulicheka. Hakuwa na moyo wa kukukatiza. Ukakimbia kwa muuzaji wako, ukapata moja ya zile za mwanzo, ukaituma dukani kwetu ili Baba ajaze fomu na kukabidhiwa kama sheria inavyotaka, na hukuniambia mpaka imeshaondoka, eti tushangae wote.

Tulishangaa. Ilifika Jumamosi, Baba amekaa pale pale na kikombe mkononi. Duane ndiye aliyesoma karatasi ya juu ya boksi. “Mzee Orrin! Mtoto wako amekununulia! Imefika!” Duka zima likapiga makofi. Gary alitaka boksi lifunguliwe hapo hapo, alikuwa ameshatoa kisu. Wanaume wanaosikia mlio wa bunduki ng'ambo ya mto wakakwambia ni ya kampuni gani, na hakuna hata mmoja wao aliyemwona mzee aliyekaa katikati yao rangi imemtoka usoni. Alinitazama mimi. Lyle, sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote.

Nikaweka mkono juu ya boksi nikasema haiwezekani, namba ya bunduki hailingani na karatasi, sheria inataka irudi ilikotoka. Harlan hakuichungulia hata hiyo karatasi, akasema kweli, hailingani. Nilidhani watabisha. Wapi! Nilikuwa nimewapa kitu wanachokipenda kuliko Varrick yenyewe, yaani serikali ya kulaani. Duane na Gary, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu donati, walishikana mabega wakaitukana Washington mpaka jasho likawatoka. Baba naye akasema, “Serikali hiyo,” akacheka nao, na kahawa ikamwagika kwenye suruali yake.

Kwa hiyo usimtumie nyingine. Usimtumie darubini, wala mkoba, wala kofia ya kampuni. Usimpigie kumwambia kwamba unajua, maana atazima simu na mimi hatanisamehe. Hasira ulizonazo zielekeze kwangu, nimezoea.

Kuna jambo moja ambalo hulijui, nalo linakuhusu wewe tu. Wengine walipoondoka, Baba alibaki akijifunga koti polepole, kisha akaniuliza kama ndani ya boksi uliandika chochote. Nikaenda nyuma nikalifungua. Nilipekua kila mahali, mpaka chini ya sponji. Kulikuwa na bunduki, magazini mbili za risasi, kitabu cha maelekezo, na stika ya kampuni ya kubandika kwenye gari.

Nikarudi nikamwambia ndiyo, umeandika. Nikamwambia umesema unakuja Pasaka, peke yako, unakaa wiki nzima, kwa sababu paa la ghala linavuja na unataka mlitengeneze pamoja. Aliniomba nimrudie tena uliyoandika, nikamrudia. Jana nilimkuta juu ya ngazi, amevaa viatu, anapima mabati.

Msalimie Shawna, uwabusu watoto kwa niaba yangu, na uwaambie shangazi anawapenda. Baba anakusalimu. Anauliza utapenda kulala chumba chako cha zamani au kile cha chini chenye joto.

Dada yako,
Twila