Duara Lenye Alama ya Kuuliza

Karakana ya Majokofu,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Tezi ya shingoni ya Kinanda iliondolewa tarehe 6 Februari, na haitarudi. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu naijua tabia yako ya kusoma mstari wa kwanza na kuweka barua pembeni.

Sasa salamu. U mzima? Kifua kimeachia na hiyo baridi ya huko? Wifi yangu na kichanga hawajambo? Sisi tunapumua. Shemeji yako amerudi kazini. Binti yangu mkubwa, huyo Kinanda wetu wa kuimba, kidonda kimefunga, ila sauti imebaki inakwaruza, na sasa anajiita Redio Mbovu. Nacheka naye, kisha naingia bafuni na kufungulia maji.

Unakumbuka likizo yako ya mwaka juzi. Ulitukalisha sebuleni, ukatutoa damu watu kumi na mmoja, ukaazima boksi langu la barafu. Ukanieleza hadi nikaelewa: homoni ya tezi ni ujumbe, na ndani ya kiini cha seli kuna kipokezi kinachoupokea na kuwasha jeni. Kipokezi kikiwa kiziwi, mwili unapaza sauti, unamwaga homoni zaidi na zaidi. "Dada, ni kama friji yenye thamostati mbovu," ulisema. "Kompresa haina kosa, inahangaika tu kwa kukosa habari." Nikakujibu kwamba fundi wangu aking'oa kompresa, moyo wa friji, kwa kasoro ya thamostati inayopima joto tu, namfukuza siku hiyo hiyo. Ulicheka. Ukasema, "Tukipata chochote, wewe utakuwa wa kwanza kujua."

Wa kwanza! Jumatano iliyopita Kinanda alikuwa kitandani na simu yake, akaiona hotuba yako ya Novemba. "Mama, njoo umwone Mjomba kavaa tai!" Nikakaa pembeni yake. Ulisema mmesoma jeni za ukoo mmoja, mkakuta herufi moja imebadilika kwenye kipokezi cha tezi. Mkajaribu dawa mia tatu na kumi na mbili kwenye seli zao, mkaangalia ni jeni zipi zinawaka, na dawa mbili zikasikika hata kwa kipokezi kiziwi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nikapiga, mjinga mimi, nimekalia kitanda cha mgonjwa.

Kisha ukaonyesha mchoro. Maduara ni wanawake, miraba ni wanaume, weusi ndio wenye kasoro, wa alama ya kuuliza damu yao bado inasomwa, aliyepigwa mstari ni marehemu. Juu kabisa duara jeusi lenye mstari. Chini yake watoto watano, wawili wa mwisho mapacha, na pacha mmoja kapigwa mstari. Kinanda akaisimamisha picha. "Mama, huyu si Bibi? Na huyu si wewe?" Kidole kikashuka hadi duara jeusi lililo chini yangu. Alijishika shingo.

Ulijua Novemba. Januari nilikupigia simu kukuambia siku ya operesheni, nawe ukasema, "Pole Dada, tutamwombea."

Daktari wa upasuaji simlaumu. Aliona homoni imepanda na moyo unakimbia, akafanya anachomfanyia kila mwenye tezi iliyochachamaa. Yeye hakuwa na mchoro wako.

Ijumaa nilipokuuliza uliniandikia kwamba majina yamefichwa, hata wewe hutakiwi kujua nani ni nani, majibu ya utafiti si majibu ya hospitali, nikuache kwanza ushauriane na kamati ya maadili. Majina uliyaficha kweli. Ulisahau kuwaficha mapacha.

Sasa nisikilize. Chini yangu kuna duara la pili, lenye alama ya kuuliza. Huyo ni Upepo, mdogo wake Kinanda, ambaye unajua mwenyewe hajawahi kukaa kwenye kiti mpaka sahani ikaisha. Moyo wake akiwa ametulia unapiga mia na ishirini na nne kwa dakika. Vipimo vyake vinafanana na vya dada yake, na Alhamisi hii anaingia chumba kilekile. Nikimtoa, nafasi nyingine ni Juni, na kama ni ugonjwa wa kawaida, moyo ule hautanisubiri hadi Juni. Nikimwacha aingie na kumbe ni kipokezi, nitakuwa nimewang'oa kompresa wanangu wote wawili.

Nilimpelekea daktari picha ya mchoro. Akasema kipimo kama hicho kwao ni wiki sita. "Lakini mama, niletee neno la mtu aliyeisoma damu hiyo, hata kwa simu, nami nitasimamisha upasuaji." Sikuombi cheti wala muhuri. Novemba damu ya Upepo ilikuwa bado inasomwa. Sasa ni Machi, imeshasomwa.

Dawa zako mbili naziombea, tena sana, maana na mimi ni duara jeusi. Lakini hazitamrudishia mtu tezi. Na kamati ikikufukuza, njoo nyumbani. Karakanani kuna meza iko wazi, na kufungua friji nilikufundisha mimi.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanijibu kama ofisi. Kinanda ataipiga picha uipate leo.

Baba anakusalimu, hajaambiwa kitu. Pacha aliyebaki anaulizia koti lake. Mbusu kichanga, mkumbatie wifi yangu. Mungu akulinde, na akupe moyo wa kutamka.

Nasubiri hadi Jumanne saa kumi jioni, saa za huku. Duara la Upepo: jeusi au jeupe? Neno moja tu linanitosha.

Ni mimi nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Dada yako