Picha ya Kahawa Naiweka Mwisho

Jumatatu, 7 Juni 1954. Bukoba.

Nimefuta mikebe yote ya filamu tena. Ni kazi ya Paulo, dereva wetu, lakini yeye akifuta anaacha vidole vya grisi kila mahali. Mvua tangu asubuhi. Ziwa halionekani.

Afisa ameleta agizo. Picha zimekuwa nyingi, gari la sinema halizibebi tena. Nizipange zote tulizoonyesha miaka hii mitatu, kuanzia inayopendwa zaidi. Za mwisho zitarudishwa Dar es Salaam zichomwe. Kaniuliza mimi kwa kuwa picha zetu hazina sauti. Sauti ni mimi. Nasimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, nasema kwa Kihaya yale ambayo midomo ya wale watu inasema. Au yale ninayoona yanafaa.

Haraka haraka. Ya kwanza ni mjinga wa baiskeli na kuku. Hapo hakuna ubishi. Kuku wakitoroka, uwanja mzima unampigia Paulo kelele azungushe filamu kinyume, kuku warudi tengani matako mbele. Ya pili, gwaride la Ulaya. Haina maneno, napumzisha koo. Ya tatu, josho la ng'ombe. Wazee hawaoni josho wala dawa, wanabishana juu ya pembe. Ya mwisho, kifua kikuu. Daktari na fimbo yake, anaonyesha kikombe, anaonyesha kikombe tena. Naitafsiri kama kasuku, hata sisikii ninachosema. Watu ndipo wanapoondoka kwenda kukojoa.

Picha ya kahawa sijaipa nafasi. Sitaki hata kushika mkebe wake.

Jumatano, 9 Juni.

Niandike basi, labda itanitoka.

Picha ya kahawa ilipigwa Kagoma mwaka juzi, kwenye kibanja cha Ta Kyaruzi, ndani ya migomba na mibuni yake. Ndiyo pekee yenye watu wetu. Wanaonekana wanne. Ta Kyaruzi akipogoa mibuni. Mkewe, Ma Kokushubira. Jirani yao mzee, Ma Nyamwiza. Na mimi. Mimi sikuwa wa kupigwa picha. Nafasi ilikuwa ya Ta Ishengoma, mdogo wake Ta Kyaruzi, naye akakataa. Alisema lile sanduku la picha linakula watu, ni kazi ya mumiani. Nikamcheka mbele ya watu. Nikavua koti, nikakaa mahali pake.

Ma Nyamwiza alikufa mwaka jana. Kifua. Ta Kyaruzi tumesikia amezikwa Februari. Kifua. Ta Ishengoma yu mzima, anapanda kilima bila kuhema.

Nami nakohoa tangu Pasaka.

Nimesoma. Kiingereza nakisoma bila kamusi. Mumiani siamini. Naogopa tu.

Ijumaa, 11 Juni.

Ratiba imebandikwa ukutani. Jumanne Bumbire. Alhamisi Kagoma. Na Kagoma ionyeshwe picha ya kahawa, kwa kuwa ni yao.

Nilimweleza Afisa kwamba mwenye shamba amekufa. Akasema vizuri, ndugu zake watafurahi kumwona. Nikasema filamu imeharibika. Akafungua mkebe mwenyewe, akainyoosha dirishani kwenye mwanga, nzima kabisa. Akaniangalia. Nikaona aibu ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Jioni nimepanga upya. Kahawa mwisho kabisa, chini ya kifua kikuu. Ichomwe. Lakini itachomwa baada ya Kagoma, si kabla.

Jumapili, 13 Juni. Ijuganyondo, nyumbani.

Kanisani nilikohoa hadi mchungaji akasimamisha mahubiri. Watu waligeuka. Nikatoka nje.

Agata amesikia mambo sokoni. Kagoma wanasema tunamtembeza Ta Kyaruzi ndani ya mkebe. Kwamba nilimpeleka mbele ya sanduku mimi, nikalipwa mimi. Kwamba tukirudi, hatutatoka. Mke wangu si mwoga, alishawahi kumfukuza fisi na mwiko. Leo ameshika mkono wangu akaniomba nijifanye mgonjwa.

Nijifanye.

Kuna damu kwenye leso. Kidogo. Nimeizika chini ya mgomba nyuma ya jiko. Agata ameona udongo kwenye kucha zangu.

Jumanne, 15 Juni. Bumbire.

Mashine na injini vilivushwa kwa mtumbwi. Paulo alikuwa anasali. Mimi niliogopa pia, lakini si maji.

Hata kisiwani habari imefika. Mvuvi aliyetupokea alinong'ona, ni kweli mtu wa Kagoma yumo kwenye mkebe? Nikacheka. Kicheko kikatoka vibaya.

Kuku walizungushwa kinyume mpaka Paulo akalalamika mkono. Kisha kifua kikuu. Nikaanza kukariri kama kawaida. Daktari akanyoosha fimbo. Nikasema, msikae karibu na anayekohoa, msinywe naye chombo kimoja. Sauti ikanikwama hapo hapo. Watu walidhani kipaza sauti kimezimika.

Miaka mitatu naisema sentensi hiyo. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeisikia.

Kibuyu.

Jumatano, 16 Juni. Muleba.

Mchana nimemwomba Paulo tufunge milango ya ghala la kahawa, tuwashe mashine, tuione ile picha sisi wawili tu. Alikubali. Ananijua.

Ndiyo hiyo. Mavuno yameisha, familia inasherehekea. Wanne tumekaa goti kwa goti. Kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kinapita, mrija mmoja. Ta Kyaruzi anafyonza, anampa Ma Nyamwiza, ananipa mimi, nampa Ma Kokushubira. Kwetu ni adabu hiyo. Anayeleta mrija wake mwenyewe ametukana nyumba.

Kisichoonekana kwenye picha nakikumbuka. Ta Kyaruzi alikuwa anakohoa. Kila alipokohoa, mpiga picha alisema haifai, rudieni. Kila tulipoanza upya, kibuyu kilizunguka upya. Siku nzima. Tulikuwa tunacheka.

Sanduku halikula mtu. Nilidhani nikijua hivyo nitapumua. Hapana. Hofu ya mumiani ningeweza kuicheka. Hii nimeitangaza mwenyewe kwa kipaza sauti wilaya nzima, nisijue kwamba ni mimi ninayeambiwa.

Paulo aliuliza jambo moja tu. Yule mama bado yu hai?

Alhamisi, 17 Juni. Kagoma, alasiri.

Tumesimika nguzo. Uwanja unajaa mapema mno. Hakuna kelele.

Hakuna aliyetuletea kahawa ya kutafuna. Mgeni kwa Wahaya hupewa kahawa hata kama amekuja kudai shamba. Sisi tumekaa mikono mitupu.

Ta Ishengoma amekaa mbele kabisa, panga mapajani. Anasema ametoka kukata nyasi. Halina hata jani.

Ma Kokushubira amekuja kunisalimu. Amekonda. Alikohoa kwenye khanga, akasema ni vumbi. Nilimwambia aende hospitali Bukoba. Akasema shemeji yake hataki kusikia, watu wa hospitali na watu wa sanduku ni baba mmoja. Nikamwambia ni kifua kikuu. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

Nimemwambia Paulo aliache gari likitazama barabara. Jua likizama tunaanza.

Ijumaa, 18 Juni. Muleba.

Nitaandika yote.

Tuliwaonyesha kuku. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeomba wazungushwe. Hapo nilijua wamekuja kwa jambo moja.

Paulo akafunga picha ya kahawa kwenye mashine. Migomba. Mibuni. Kisha Ta Kyaruzi, mkubwa kuliko nyumba yake, anapogoa. Mwanamke mmoja alipiga yowe, akazibwa mdomo. Mimi nilipaswa kusema habari za matawi makavu. Sikuweza.

Katika picha kuna mahali anainua kichwa na kututazama usoni. Siku ile nilikuwa nimemwita. Anatazama, kinywa kinafunguka. Alipofika hapo, Ma Kokushubira alipiga magoti kwenye nyasi mbele ya kitambaa, kama mke anavyompigia mumewe magoti.

"Kasinge waitu," akamsalimu.

Injini tu. Watu wote hawakumtazama Ta Kyaruzi tena. Walinitazama mimi.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nikiitikia, nimechukua kinywa cha marehemu mbele ya ukoo wake. Nisipoitikia, marehemu amemnyima mkewe salamu, na mwanamke aliyenyimwa salamu na mumewe kaburini ataishije kijiji kile? Panga liko hatua chache. Kifua kinataka kukohoa, nakizuia.

Nikaitikia. Kwa sauti yake, nzito, inayokokota, yenye kicheko kidogo puani. Nilimjua vizuri. Ikatoka yeye kabisa.

Na mdomo ulipokwisha kufunguka haukufunga. Nikasema, Koku, hicho kifua ulicho nacho ndicho kilichonitoa. Tulikinywa pamoja kwenye kibuyu. Usikae nyumbani. Nenda hospitali. Ishengoma, mpeleke.

Ta Ishengoma alisimama na panga lake. Akilini nikamwona Agata akiletewa koti langu. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, panga lilikuwa chini. Alikuwa ameinama, mdogo kwa kaka yake, naye akatoa salamu ileile. Nikaitikia tena. Akasema, "Nitampeleka, kaka."

Sijui waliamini nini. Kipaza sauti walikiona mkononi mwangu. Mate yangu waliyaona. Hakuna aliyedanganywa, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kitambaani tulikuwa tumefika kwenye kibuyu. Wanne goti kwa goti. Ma Kokushubira, bado magotini, akanyoosha kidole kwenye sura yangu kubwa inayofyonza mrija.

"Na huyo Klementi anayekunywa na sisi? Naye aende?"

Nilikuwa sijamwambia mtu kuhusu leso. Hata Agata.

"Naye aende," Ta Kyaruzi akasema.

Filamu ikaisha. Kitambaa kikabaki cheupe. Ta Ishengoma akaja gizani, nikajikaza, akaniwekea punje za kahawa kiganjani. Nikatafuna zote na machozi.

Jumatatu, 21 Juni. Bukoba, hospitali.

Kifua kikuu. Pande zote mbili.

Sindano kila siku, miezi mingi. Wengine wanapona, daktari amesema. Hakusema wengine wanafanyaje. Agata alisimama mlangoni, mimi nikamkataza kuingia, akaingia. Amekasirika kwa sababu ya leso kuliko kwa sababu ya ugonjwa. Naogopa, lakini ni hofu ya kitu chenye jina.

Kikombe changu kina alama ya rangi nyekundu chini. Hakuna mwingine anayekigusa.

Jumatano, 30 Juni.

Mvua imekatika. Kutoka kitandani naona ncha za mikaratusi na kipande cha ziwa.

Ma Kokushubira yuko wodi ya wanawake tangu Ijumaa. Ta Ishengoma alimleta, mzigo kichwani mwake yeye mwenyewe, mwanamume mzima. Ameogopa kuingia humu. Amenitumia kahawa kupitia dirishani, akaniuliza habari za kaka yake, lini tunamrudisha Kagoma. Nilikohoa.

Afisa amekuja kuchukua orodha. Amesimama mbali, kofia mkononi. Nimempa. Ya kwanza, kahawa. Ya pili, kifua kikuu. Mjinga wa kuku wa tatu, na watu watanilaani kwa hilo. Gwaride, josho, zichomwe akipenda. Amesoma, ameinua nyusi. Nadhani ameona ni homa. Lakini ameandika kwamba kahawa ibaki.

Kwa hiyo nitaendelea kukaa pale kitambaani, goti kwa goti na Ta Kyaruzi, nikinywa. Kila watakapoiwasha. Siku nyingine nikiliwaza hilo jasho linanitoka. Leo si sana.

Paulo ndiye atashika kipaza sauti mpaka nirudi. Alikaa karibu na dirisha mchana wote, nikamfundisha picha moja moja. Matawi makavu. Kikombe. Sauti ya Ta Kyaruzi ameipata upesi, mwizi yule.

Kisha nikamwambia kuna nyingine moja ya kujifunza. Kama Agata atakuja uwanjani siku moja, akapiga magoti pale tunapokunywa, asimwache hivi hivi. Nikamwonyesha ninavyomwitikia nyumbani asubuhi, na jina ninalomwita.

Alikataa.

Halafu akajaribu, chini chini. Nilimrekebisha mara moja tu.